Jino la Zambarau

Mheshimiwa Administrador wa Wilaya. Mheshimiwa Mkurugenzi wa Afya. Mama Mkuu wa kliniki yetu. Padre wetu na shehe wetu, ambao leo mmekaa benchi moja kwa sababu viti havikutosha na wala hamkulalamika. Wazee wa mitaa. Wauguzi na wafanyakazi wenzangu. Wagonjwa wetu, ambao wengi wenu leo mmefika hapa kwa mara ya kwanza bila kushika shavu. Na wewe, Doutor Gilberto, ambaye ndiwe tuliyekusanyika kukuaga: salamu aleikum, na bom dia.

Mimi naitwa Zubeida. Ni karani wa mapokezi. Wengi wenu mnaijua sauti yangu inapoita "anayefuata", na mnakijua kile kipande cha uso wangu kinachoonekana kwenye dirisha dogo. Mwili mzima mnauona leo, na kama mngeniuliza, ningeomba nirudi nyuma ya dirisha. Mama Mkuu aliniita juzi akaniambia: "Zubeida, utasema kwa Kiswahili ili watu wote waelewe. Eleza namna kofia za meno zinavyokaa. Usirefushe, na usilie." Nimeandika kila neno. Nimesoma karatasi hii mbele ya mama yangu, mbele ya kioo, na mbele ya ukuta, na ukuta peke yake ndio haukunisahihisha. Sauti yangu ikitetemeka msinihurumie. Ndivyo ilivyo tangu utotoni, na wanaonijua hunijua kwa sauti hiyo.

Nianze basi na nilichoagizwa.

Vitabuni kitu hiki huitwa taji la jino. Lakini tangu nikae dirishani sijaona mtu aliyekuja kuomba taji. Watu huomba kofia, nami huandika kofia. Jino likivunjika au likioza sana, lakini mzizi wake bado ukiwa mzima, daktari hulipunguza pande zote mpaka libaki kama kisiki, kisha hukivisha kisiki hicho kofia ya kauri iliyochongwa kwa sura ya jino. Zamani tulimwambia mgonjwa aume ujiuji mzito wenye ladha ya mnanaa. Ukiganda tuliutoa, tukaufunga kwenye boksi, tukaupeleka mji wa mbali, na kofia ilirudi baada ya wiki nyingi, kama barabara ilikubali. Mara nyingine ilikaa. Mara nyingine ilikaa kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto, na safari ikaanza upya.

Sasa je? Sasa daktari anapitisha mdomoni kamera nyembamba kama kalamu, na kwenye kioo cha kompyuta mdomo wa mtu unaanza kujitokeza kidogo kidogo, jino baada ya jino, fizi baada ya fizi, kama kisiwa cha Vamizi kinavyojitokeza asubuhi ukungu unapoondoka. Mimi hupeleka karatasi chumbani humo, na nakiri mbele ya wakubwa wangu kwamba mara nyingi huchelewa kutoka. Nani angeweza kutoka haraka? Mdomo unazunguka pale kwenye weusi wa kioo, hauna uso, hauna mwenyewe, mkubwa kama kisiwa kizima, na unaona mabonde yake na miinuko yake, na unajiuliza ni maneno mangapi yamepita katika njia hiyo, na ni nani aliyeambiwa.

Kisha kuna mashine yenyewe. Ina dirisha la kioo, na ndani yake kipande kidogo cha kauri, kama tofali la kuchezea, kinashikwa katikati ya sindano mbili zenye vumbi la almasi kwenye ncha zake. Maji yanamiminika, sindano zinazunguka, na mlio wake unasikika mpaka barazani. Mama mmoja aliwahi kuniuliza, "Binti, humo ndani mnakoboa mahindi?" Nikamjibu, "Hapana mama, tunakoboa jino lako." Akasema, "Basi lipitisheni mara mbili, nataka jeupe."

Na kipande hicho kikianza kazi hakina weupe wowote. Kina rangi ya zambarau. Jino linatoka mashineni likiwa la zambarau, kama kitu kilichookotwa ndotoni, na linabaki hivyo mpaka liingie kwenye tanuri dogo. Likitoka humo ndipo linakuwa na rangi ya jino la binadamu. Nilimuuliza daktari kwa nini. Alinieleza habari za chembechembe zinazojipanga upya kwenye moto. Nilielewa, na bado nikaona ni ndoto.

Sasa lile swali nililoagizwa: zinakaa vizuri?

Wenzangu mliowahi kulala kwenye kile kiti mnajua jinsi Doutor Gilberto anavyolijibu. Ana ndoano yake ndogo ya chuma. Akishaivisha kofia, huipitisha ndoano hiyo taratibu kwenye ukingo, pale kauri inapokutana na jino, akitafuta kama ncha itanasa popote. Na wakati anaipitisha huguna. Huguna sauti moja ndefu ya chini, mmmm, kama mtu anayekumbuka wimbo usio na maneno. Ndoano ikinasa, mguno unakatika. Ukuta wa chumba chake ni mwembamba, na watu wanaongoja kwangu hukaa kimya wakisikiliza, na mguno ukikatika utamsikia mmoja akisema, "Mh, amenyamaza," na wengine wote wanaanza kumwombea aliyeko ndani.

Mara nyingi haukatiki. Daktari ametufundisha kusema ukweli, kwa hiyo naomba niuseme vizuri: hakuna kofia isiyo na nafasi hata kidogo chini yake. Nafasi lazima iwepo, maana gundi nayo inahitaji mahali pa kulala. Kazi ni kuifanya nafasi hiyo iwe nyembamba kama unywele, au nyembamba zaidi, na iwe sawa pande zote, ili chakula na mate visipate mlango. Kofia ikibana mno haifiki chini. Ikilegea mno haidumu. Na mashine ina mipaka yake. Sindano haiwezi kuchonga kona iliyo nyembamba kuliko ncha yake yenyewe, ndiyo maana daktari hukilainisha kisiki kwanza, asiache kona kali. Kamera nayo haioni kilichofunikwa na mate au damu. Hapo kompyuta hubahatisha, na kompyuta ikibahatisha haitetemeki kama mimi, hubahatisha kwa utulivu kabisa.

Haya ndiyo niliyoagizwa, na kama ningekuwa na busara ningeishia hapa. Lakini je, tutamuagaje mtu kwa kusifu mashine yake? Mama Mkuu, naomba uniruhusu. Nimeandika pia habari za Bibi Palmira.

Bibi Palmira yuko pale mstari wa pili, mwenye kitenge cha njano. Amenikubalia niseme yote, kwa sharti moja tu, nisimfanye mzee kuliko alivyo. Ni mtu wa kule juu, upande wa Mueda, na alishuka huku katika ile miaka ambayo watu wengi walihama wakiwa wameshika walichoweza kushika. Anakaa na mjukuu wake Lénia, ambaye anapika katika majiko ya kambi ya gesi kule Afungi. Ana mdogo wake mmoja, Bibi Alda. Bibi Alda alivuka mto Rovuma wakati wa vita vya ukombozi, msichana bado, akaolewa ng'ambo, upande wa Tanzania, akabaki huko, nyuma kidogo ya Kilambo. Macho yake yamezimika siku hizi. Kwa hiyo ndugu hawa wawili walikuwa na simu tu. Kila Jumapili, baada ya misa, mmoja alimpigia mwenzake.

Wenye asili ya kule juu mnajua ninachotaka kusema. Wengine naomba nieleze. Zamani msichana wa kule alichongwa meno ya mbele yawe na ncha. Ulikuwa urembo, na ulikuwa pia namna ya kusema huyu ni wetu. Palmira na Alda walichongwa siku moja, kwenye mkeka mmoja, wameshikana mikono. Palmira alikuwa mkubwa, akatangulia. Fundi alipomaliza, Alda, ambaye zamu yake ilikuwa inafuata, alikuwa analia kwa sauti. Palmira akataka kumbembeleza. Akacheka ili mdogo wake aone kwamba haiumi, ingawa iliuma. Na kicheko kilipotoka, pumzi ilipita katika mianya mipya ya meno yake ikatoa mluzi. Mluzi mdogo, kama upepo unaopita chini ya mlango. Palmira mwenyewe alishtuka. Alda akaacha kulia, akasema, "Rudia." Akarudia. Na tangu siku hiyo, katika maisha yote, Palmira akicheka mluzi ule hutoka, na Alda akiusikia hucheka naye.

Sasa mwaka jana Bibi Palmira aliteleza bombani, akaangukia ndoo, na jino moja la mbele, la juu, likavunjika. Sauti yake ikawa inatoka, anasema mwenyewe, kama ya mlevi. Akaona aibu. Hakutaka mdogo wake aisikie hivyo, akaamua asipige simu mpaka atengenezwe. Jumapili zikapita. Alda akipiga, Palmira aliitazama simu ikiita, akaifunika kwa mto.

Alipofika kwetu, Doutor Gilberto alifanya kila kitu kama kinavyotakiwa. Alikitengeneza kisiki, akapitisha kamera, na kwenye kioo kompyuta ikapendekeza jino. Waheshimiwa, lilikuwa jino zuri. Mimi mwenyewe nilitoka dirishani nikaja kulitazama, na muuguzi Germano akaja, na mfagiaji akaja, tukasimama pale kama watu waliopelekwa kuona mtoto mchanga. Lilikuwa jino kamili, lenye ukingo ulionyooka, kwa sababu meno yote ambayo kompyuta ile ilifundishwa yana kingo zilizonyooka. Lile jino jirani lenye ncha kompyuta ililihesabu kuwa nalo limevunjika. Na sisi wote tuliosimama pale, tuliozaliwa hapa na tuliotoka mbali, hakuna aliyekigeuza kile kioo upande wa kiti ili Bibi naye aone.

Jino likachongwa, likapita tanurini, likavishwa. Ndoano ikapita. Mguno ulianza, ukaenda, ukaenda, ukafika mwisho bila kukatika hata mara moja. Watu barazani kwangu walipiga makofi. Daktari akaliweka kwa gundi ya muda, akasema, "Avó," ndivyo anavyowaita bibi wote, "kalizoee kwanza wiki hii. Ukirudi tutaligandisha moja kwa moja."

Bibi Palmira akatoka, akaja dirishani kwangu, akanipa simu yake. "Binti, nipigie Alda."

Nikapiga, nikaweka sauti ya juu, maana hasikii vizuri kwa sikio moja. Baraza zima lilisikia.

"Alda, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Palmira. Dada yako."

"Palmira gani?"

"Kwani unao wangapi?"

"Ninaye mmoja. Na wewe siye."

Watu wakacheka. Bibi Palmira naye akatabasamu, akataja jina la baba yao, la mama yao, la mbuzi wao aliyekuwa akila nguo. Kisha Bibi Alda akasema, "Hayo matapeli wanayajua siku hizi. Basi cheka."

"Nini?"

"Nimesema cheka. Nikusikie."

Bibi Palmira akacheka. Alicheka vizuri, jamani, alicheka kwa moyo wote. Lakini jino jipya lilikuwa limejaza mahali pake barabara, na pumzi haikupata pa kupita. Kilitoka kicheko kizuri cha bibi yeyote.

Na hapo sauti ya Bibi Alda ikabadilika. Akauliza polepole, "Hiyo simu mmeitoa wapi? Mwenyewe yuko wapi?" Na kabla hatujajibu, "Mmemfanya nini dada yangu?"

Simu ikakatika. Tulipopiga tena, haikupokelewa. Barazani hakuna aliyecheka tena.

Nyinyi mnaojua miaka ya mashambulizi tuliyopitia mnaelewa kwa nini alifikiri alivyofikiri. Jumapili zote zile za ukimya, kisha namba ya dada yake inapiga, na ndani yake sauti ngeni. Ni wangapi kati yetu walioipokea simu ya namna hiyo?

Tulimtuma mtu. Dércio, anayeuza sabuni pale kivukoni Namoto, alivuka akaenda mpaka nyumbani kwake kumwambia kwamba dada yake ni mzima. Alikuta watu wameketi uani. Bibi Alda alimsikiliza mpaka mwisho, akamshika mkono, akamshukuru kwa kuja kumliwaza, akaagiza apewe chakula. Ulikuwa ubwabwa wa matanga. Matanga ya Bibi Palmira. Na padre wa kule alikuwa ameshaombwa misa ya marehemu.

Dércio akarudi akasema, "Nilikula, nifanyeje? Walinikazania."

Hebu fikirini, ndugu zangu. Mtu yuko hai, anakunywa chai yake hapa Palma, na ng'ambo ya mto ndugu yake wa pekee anamlia, naye hawezi kumfikia. Kuvuka hawezi, karatasi zake zilipotea katika kuhama na mpya hazijatoka. Picha haisaidii, mwenzake haoni. Maneno hayasaidii, yameshakataliwa. Lénia alijaribu kumpigia, aliambiwa, "Na wewe mjukuu wa kukodi." Alichobakiwa nacho Bibi Palmira kilikuwa ile pumzi, na sisi tulikuwa tumeizibia njia, vizuri kabisa, kwa usahihi wa unywele.

Akarudi kabla ya wiki kwisha. Hakusimama dirishani kwangu. Alipita moja kwa moja, akalala kwenye kiti, akafungua mdomo. Daktari akapitisha ndoano, mguno ukaenda mpaka mwisho. Akamwekea aume ile karatasi ya bluu inayoonyesha meno yanapokutana. Alama zikatokea sawa.

"Avó, limekaa vizuri sana."

"Kwenye jino limekaa, dotori. Kwangu halijakaa."

Nilikuwa mlangoni na karatasi zangu. Nilidhani daktari ataeleza, maana tumesomeshwa tueleze. Hakueleza. Alivua glavu, akavuta kile kigoda chake, akakaa chini kuliko yeye, akamwambia, "Niambie." Naye akamwambia: mkeka, Alda, mluzi, simu, matanga. Alipomaliza, daktari akasema, "Nilisikiliza jino tu." Hakusema zaidi ya hapo. Akageuza kioo cha kompyuta upande wa Bibi.

Sifa ninayotaka kuitoa leo ni hiyo, Mheshimiwa Administrador. Wengi wanaweza kuvisha kofia ikakaa. Mtu aliyetumwa kwetu kutoka Inhambane, aliyefika hapa bila neno moja la Kiswahili, alikubali kuitoa kazi yake isiyo na kasoro kwa sababu bibi mmoja hakuwa anacheka sawasawa.

Nayo haikuwa rahisi. Alilichukua lile jino jirani lenye ncha, akaiambia kompyuta iligeuze kama kwenye kioo, litoke pacha wake. Bibi akalitazama likizunguka pale kwenye weusi, akanyoosha kidole. "Hapana. Mkono wa fundi haukuwa mashine. Hapa aliingia zaidi. Hapa aliniumiza, akaogopa, akaacha." Daktari akavuta mstari, akavuta tena, na kisiwa kile kikabadilika ufukwe wake kidogo kidogo, kwa kumbukumbu ya mtu. La kwanza lilipochongwa ncha ilikatika ndani ya mashine. Tulisikia mlio wake. Kauri ikiwa nyembamba mno haivumilii. Ikabidi ailaze ncha upya, aupe mgongo wa jino unene usioonekana kwa mbele, apime tena na tena isimguse jirani wa chini. La pili likatoka zima, limelowa, la zambarau.

Hapo ndipo daktari alipofanya jambo ambalo mimi, kwa woga wangu, nisingelifanya. Hakulipeleka tanurini. Alisema, "Tukilichoma halafu likawa kimya, tumechelewa." Akalivisha hivyo hivyo, likiwa na rangi yake ya ndotoni, akamwonya asiume chochote, akapitisha ndoano yake ukingoni, na mguno ukaenda. Kisha akaacha kuguna.

"Avó, cheka."

Bibi akajaribu. Kikatoka kitu kama upepo mzito. Daktari akalitoa, akalipunguza ubavuni kwa mkono wake, kidogo sana, akalirudisha. "Tena." Akacheka tena. Na safari hii, waheshimiwa, kutoka katika kinywa kile chenye jino la zambarau, ulitoka mluzi. Mdogo. Kama upepo unaopita chini ya mlango. Bibi Palmira akajishika mdomo kwa mikono miwili, kama alivyofanya pengine siku ile mkekani.

"Tuliingize tanurini sasa," akasema daktari.

"Hapana. Zubeida, nipigie Alda."

Kwa haraka nikakosea namba. Nikapiga tena. Iliita sana. Germano alikuwa ameshika mlango usifungwe na upepo. Kisha ikapokelewa.

"Nani tena?"

Nikamsogezea Bibi simu. Hakusema jina lake. Hakusema neno lolote. Akacheka tu.

Tulisikia kuku upande wa pili, tukasikia mtu akitwanga. Daktari alikuwa ameinamisha kichwa. Bibi Palmira akasubiri, akavuta pumzi, akacheka tena, na nilimwona machozi yanapita kwenye mashavu yake huku anacheka ili mdogo wake asikie kwamba haiumi.

Na ng'ambo ya mto Bibi Alda akasema, "Rudia."

Akarudia.

Ndipo kikatoka kicheko kingine ndani ya simu, nacho kina mluzi, maana meno yao yalichongwa siku moja. Vicheko viwili vikajaa chumba, milio miwili, mmoja juu kidogo, mmoja chini kidogo, na mtu ambaye angefumba macho asingeweza kusema nani yuko hapa na nani yuko kule.

"Mjinga wewe!" akasema Bibi Alda alipoweza kusema. "Ulikuwa wapi? Nimeshakupikia ubwabwa wa matanga!"

"Nimesikia. Ulikuwa mtamu?"

"Watu walikula wakakusifu sana. Nilishangaa, nikajiuliza kama wanakujua."

Jino lile lilipita tanurini mchana uleule, likatoka na rangi ya mwenzake, likagandishwa moja kwa moja. Limekaa. Ndoano hainasi. Na yule aliyeketi leo karibu na kitenge cha njano, aliyeshika mkono wake tangu nilipoanza kusoma, aliyevuka Namoto wiki iliyopita akishikwa mkono na Dércio, ndiye Bibi Alda. Karibu kwetu, Bibi. Matanga yamevunjwa.

Doutor Gilberto, namaliza. Bibi Palmira ameniomba nikukabidhi hiki. Amekifunga kwenye kipande cha kitenge, na nimekishika mfukoni tangu asubuhi nikiogopa kisipotee. Ni lile jino la kwanza, zuri, lenye ukingo ulionyooka, ambalo ndoano haikunasa popote. Anasema: mwambie dotori aende nalo huko anakohamia, na siku kazi itakapomtokea vizuri sana, alitazame kwanza, halafu amuulize mgonjwa.

Nami nina neno langu moja, na baada ya hilo nitarudi nyuma ya dirisha langu. Utakapofika huko utatupigia simu. Huenda namba itakuwa ngeni, huenda laini itakuwa mbaya, na sisi huku tumezoea kuziogopa simu ngeni. Basi usijisumbue kutaja jina. Guna tu. Barazani kwangu tutanyamaza wote, tutasikiliza, na mguno usipokatika, tutajua ni wewe na kwamba huko nako kumekaa vizuri.

Waheshimiwa, wazee wangu, ndugu zangu, nashukuru kwa masikio yenu, na kwa kuivumilia sauti hii inayotetemeka. Asanteni kwa kunisikia. Bibi Palmira, Bibi Alda, ile zawadi mliyosema mtampa daktari nikimaliza kusoma: nimemaliza. Chekeni.